Vijana hawaikimbii pamba kwa uvivu

Mwandishi mmoja wa gazeti hili anasema vijana wa Kwimba na Magu, wilaya za mkoa wa Mwanza, wanaacha kulima pamba kwa sababu hawataki jua. Mimi ni mkulima wa huku huku Kwimba, nakataa. Pamba tunapanda Novemba na Desemba, tunapalilia mara mbili au tatu, tunapiga dawa ya funza wa vitumba, halafu hela inaonekana kuanzia Mei msimu wa ununuzi ukifunguliwa. Miezi yote hiyo watoto wanakula nini? Ugali wa muhogo na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kama viazi vilizaa. Na bei huijui siku unayofunga ng'ombe kwenye plau. Bei inatangazwa wakati dawa umeshaikopa na umeshaimaliza.

Ndiyo maana kijana anageukia choroko na dengu. Choroko inakomaa kwa miezi miwili na kidogo, dengu inatumia unyevu uliobaki mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua zikiisha. Huo ni uvivu? Hiyo ni hesabu, tena nzuri.

Wazee wetu walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyowapunja wakaanzisha ushirika wao, hadi likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955 chini ya kiongozi wa ushirika Paul Bomani. Mizani bado inatuuma. Naomba gazeti litume mtu Mei, asimame kwenye kituo cha kununulia pamba kutwa nzima, aangalie mkulima akipimiwa, kisha amuulize alikatwa kiasi gani cha deni la pembejeo kabla hajapewa chake.