Dakika 11 za "9" na dakika 79 zake

Vijana wengi wa Moshi wanaoijua filamu ya katuni "9" wanaijua ile ya 2009: dakika 79, sauti ya Elijah Wood, jina la Tim Burton kati ya waandaaji. Ile ya 2005, ya dakika 11, ambayo Shane Acker aliihangaikia zaidi ya miaka minne akiwa mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, mpaka ikateuliwa kuwania Oscar, wameiona wachache. Na wakiiona, wanasema ni trela. Nimeisikia kauli hiyo kwenye kibanda umiza cha Pasua, nikaisikia tena kwa vijana wa Arusha wanaojifunza kutengeneza katuni, ambao ndio hasa ningetaka waikatae.

Filamu ndefu ina hoja yake, na si ndogo. Wahusika wa zote mbili ni midoli ya gunia inayoitwa kwa namba. Katika ile fupi, 9 ni mhanga anayewindwa. Katika ndefu, yeye mwenyewe ndiye anayeiamsha mashine, kwa kuchomeka kifaa asichokijua mahali asipopajua, na mwenzake 2 anakufa papo hapo. Kuanzia hapo kila kifo kina mkono wake. Dakika 11 zisingeweza kubeba hatia ya namna hiyo. Tunampata pia 7, mpiganaji wa kike mwenye fuvu la ndege kichwani, na mji mzima wa magofu.

Lakini tazama 5 anavyokufa katika ile fupi. Yeye na 9, midoli miwili ya gunia, wako pamoja kwenye vifusi. Kifaa walicho nacho kinaanza kuwaka: mnyama anayewawinda yuko karibu. 5 anamkabidhi 9 kile kifaa, anamwacha ajifiche, anakwenda yeye. Hakuna anayesema neno. Nyuso ni nguo iliyoshonwa, macho ni lenzi zinazofunguka na kubana, na bado unajua kabisa kwamba huyu anamlinda mwenzake na kwamba wote wawili wanajua kitakachofuata.

Filamu ndefu inaanza kwa sauti ya mwanasayansi akisimulia. Kisha 9 anaamka bubu, na 2 anamtengenezea sauti. Tangu hapo wanaongea, na wakiongea wanaeleza: vita, mtawala, mashine, hadi siri kwamba wote tisa ni vipande vya roho ya mwanasayansi mmoja. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoitazama. Ukishajua kwamba 5 ni kipande cha roho ya mtu mwingine, kifo chake kinakuwa sehemu ya mpango. Katika ile fupi, 5 ni 5. Hatujui nani alimshona, na kwa kutojua huko anabaki mtu kamili, aliyekufa kifo chake mwenyewe.

Sisi tumelelewa na sinema zilizotafsiriwa. DJ anaongea juu ya picha, anajaza kila kimya, na nampenda kwa hilo. Pengine ndiyo sababu kimya kinatufanya tuhisi kazi haijaisha. Ila mtoto wa Pasua asiyefuata Kiingereza, mpe ile ndefu bila DJ, atapoteza nusu ya habari. Mpe ile fupi, hapotezi kitu. Anaipata sawasawa na mtazamaji wa Los Angeles. Na hata ndani ya ile ndefu, ninaowakumbuka zaidi ni 3 na 4, pacha wasiosema, wanaowasiliana kwa kumulika picha kupitia macho yao. Acker alijua nguvu yake iko wapi. Aliwaachia wawili tu.

Kwa hiyo anayetaka kuzionyesha zote mbili jioni moja, aanze na ile ya dakika 11, na azime taa kabisa. Ukishamsikia mwanasayansi akieleza, huwezi tena kumtazama 5 bila kukumbuka maelezo yale.