Nani wa kumwambia mzee aache usukani?

Nimeishi Leeds, Uingereza, miaka kumi na sita, na tisa kati ya hiyo nimekuwa dereva wa basi la abiria. Asubuhi moja mkono wangu wa kulia ulishindwa kufunga vifungo vya shati na maneno yakanipotea mdomoni kwa muda usiofika robo saa, kisha kila kitu kikarudi kama kawaida. Hospitalini waliniambia kuwa ni kiharusi cha kupita, na kabla muuguzi hajafika kwenye habari za vidonge alinitaka nimsikilize jambo moja: nisiguse usukani wa gari langu kwa mwezi mmoja, na usukani wa basi kwa mwaka mzima. Nilikasirika sana. Nilijiona nimepona, na mtu ambaye hajawahi kuniona hata nikirudisha gari nyuma alikuwa ananinyang'anya ugali wa watoto kwa sentensi mbili.

Hasira ilipotulia nilielewa hesabu yake. Kiharusi cha kupita kinaweza kutangulia kingine kikubwa, na hatari hiyo iko juu zaidi katika siku na wiki za mwanzo. Dereva wa basi au lori hukaa barabarani saa nyingi akiwa na tani nyingi au roho nyingi nyuma yake, ndiyo maana kipimo chake ni kikali kuliko cha mwenye gari dogo. Kule Uingereza mwenye leseni anawajibika kuiarifu DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, juu ya maradhi yanayoathiri uendeshaji wake, na akificha anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Mwaka ule niliumaliza nikiosha mabasi ambayo zamani nilikuwa nikiyaendesha.

Nilikuwa bado naosha mabasi pale baba mdogo alipopata kiharusi nyumbani Tanzania, kule Uyole, Mbeya. Cha kwake hakikuwa cha kupita. Kilimshika upande wa kushoto, akalazwa, akaruhusiwa na karatasi ya dawa za presha pamoja na agizo la kupunguza chumvi, na kuhusu gari hakuna aliyemwambia neno. Naye ni mtu wa gari. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akishusha viazi kutoka Isyonje kuja mjini Mbeya kwa Canter yake, kwenye barabara ambayo ukungu unaweza kukufungia vioo saa nne asubuhi. Baada ya majuma saba alikuwa ameshakamata usukani.

Nilipofika likizo nilimkuta akizungumza vizuri na kutania kama zamani, na hapo ndipo ndugu wote walipokuwa wamedanganyika. Kwa watu wengi kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huuacha ulimi salama, huku kikidhoofisha mkono na mguu wa kushoto na wakati mwingine kikimfanya mgonjwa asiujali kabisa ulimwengu ulio kushoto kwake. Macho yanaona, lakini ubongo hauhesabu. Siku ya kwanza tulipokula pamoja, baba mdogo alimaliza ugali na maharage ya upande wa kulia wa sahani, akanawa, akamlaumu shangazi kwamba siku hizi anapakua kidogo. Shangazi aliizungusha sahani bila kusema kitu, naye akaendelea kula. Nilimtazama shangazi, akainamisha macho.

Sasa mweke mtu huyo kwenye Canter. Magari yetu, kama ya Uingereza, yana usukani kulia, kwa hiyo gia ni kazi ya mkono wa kushoto na klachi ni ya mguu wa kushoto. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda na akina mama wenye ndizi pembezoni mwa lami wote wako upande ambao kwake haupo. Nilipanda naye mara moja kwenda Isyonje. Pale Uyole trafiki alitusimamisha, akaangalia leseni, bima, kizima moto na pembetatu, akaturuhusu. Vyote vilikuwa sahihi. Mbele kidogo kioo cha kushoto kikampiga kijana wa bodaboda begani, na baba mdogo akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Huyo ametokea wapi?" Kwa bahati kijana hakuanguka.

Nilitaka kumwambia na sikuweza. Mtu aliyenifundisha kuendesha, ambaye namwamkia shikamoo kila asubuhi, nimwambieje kwamba hawezi tena? Binamu zangu walikuwa wamejaribu kuficha funguo, kukawa na ugomvi wa siku mbili.

Hapa ndipo naona tofauti ya kweli kati ya huku na kule, na wala haiko kwenye ukali wa sheria. Kule neno gumu linatoka kwa mtu aliyepima. Jirani yangu Leeds, mzee wa miaka 79, alipelekwa kwenye kituo cha kupima madereva baada ya kiharusi. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alimpa karatasi iliyojaa nyota kubwa na ndogo azikate zote ndogo, akampima nguvu ya kukanyaga breki, kisha wakatoka barabarani kwa gari ambalo mwalimu ana breki upande wake. Jibu lilikuwa hapana. Alilia, na tangu hapo anaonekana dirishani zaidi kuliko nje, jambo ambalo wanaosifu Ulaya huwa hawalisimulii. Lakini hakugombana na mtoto wake.

Sisemi tuchukue kila kitu. Hata kule, mwenye miaka 70 huhuisha leseni yake kila miaka mitatu kwa kujitangaza mwenyewe kuwa ni mzima, bila kulazimika kupita kwa daktari, na kwangu mimi hiyo ni sawa na kumwachia mwenye duka akague mizani yake. Faini nazo kwetu zingewafanya watu wafiche ugonjwa, maana Canter ndiyo shamba, ndiyo ada za wajukuu. Ninachotamani ni kidogo zaidi na hakina gharama: daktari au muuguzi anayemruhusu mgonjwa wa kiharusi, wa kifafa au wa macho amuulize kama anaendesha, amwambie muda wa kukaa pembeni, na aandike kwenye karatasi ileile ya dawa. Mzee wa kwetu anaweza kumkatalia mwanawe mwaka mzima, lakini "daktari amekataza" ni neno analoweza kulisema mwenyewe mbele ya wenzake bila aibu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hatimaye. Tulimrudisha kliniki, binamu akamweleza daktari habari za sahani na za kioo kabla mzee hajaingia, na daktari akamkataza mbele yetu. Baba mdogo alinyamaza njia nzima, na tulipofika alimkabidhi binamu funguo huku akimwonya kuhusu breki za nyuma. Siku hizi anapanda kiti cha abiria na kusimamia magunia, na kila Jumapili hunipigia simu kulalamika kwamba kijana anakata kona za Igawilo kama anayekimbizwa.