Hukumu ya Mistari Michache Iliyodumu Karne Mbili

Huniudhi sana kusikia wanasheria wakiitaja Strawbridge dhidi ya Curtiss, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1806, kuwa ni kielelezo cha hekima ya Jaji Mkuu John Marshall. Hekima ipi, ilhali hukumu yenyewe haijazi hata kurasa mbili na haitoi sababu?

Baadhi ya wadai walikuwa raia wa Massachusetts, na wadaiwa wote vilevile, isipokuwa Curtiss wa Vermont. Sheria ya Mahakama ya 1789 ilisema tu kwamba mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa na si ya jimbo, inaweza kusikiliza shauri baina ya raia wa jimbo linapofunguliwa na raia wa jimbo jingine. Marshall akaisoma kwa namna kwamba mdai yeyote akiwa raia wa jimbo lilelile la mdaiwa yeyote, mahakama ya shirikisho haina mamlaka ya kusikiliza shauri. Alichosema ni kwamba Mahakama imeelewa hivyo, basi.

Mamlaka haya yaliwekwa ili mgeni asihukumiwe na majirani wa mpinzani wake, lakini kanuni hii inampokonya kinga hiyo papo hapo anapounganishwa na mwenyeji katika shauri moja. Mwaka 1977 mama na watoto wake wawili waliungua ndani ya Audi yao huko Oklahoma, wakiwa njiani kuhama New York kwenda Arizona. Kwa kuwa bado walihesabiwa raia wa New York, mawakili wao waliwashtaki pia muuza gari na msambazaji wake, wote wa New York, na shauri likabaki mahakama ya jimbo, walikotarajia jopo la raia lenye huruma. Mwaka 1980 muuza gari na msambazaji walipoondolewa katika shauri kwa sababu nyingine kabisa, wadaiwa waliobaki walikimbilia mahakama ya shirikisho, na huko Audi ikashinda. Moyo wangu uko kwa mama yule. Lakini je, ni haki majeraha ya moto yapangiwe mahakama kwa kutazama anwani ya muuza magari?

Nakubali, shingo upande, kwamba bila kizuizi chochote mahakama za shirikisho zingezidiwa. Hata hivyo, mwaka 1844 Mahakama hiyohiyo iliandika kwamba Marshall mwenyewe aliujutia uamuzi wake, na mwaka 1967 ikathibitisha kwamba Katiba haiudai. Ikiwa mwaka 2005 Bunge liliulegeza kwa mashauri ya makundi, yanayofunguliwa kwa niaba ya watu wengi, yanayozidi dola milioni 5, sioni kwa nini mgeni anayedaiwa dola 80,000 aendelee kubebeshwa uraia wa wenzake.