Namba ya gari kutoka Kamiti

Namba za magari ya Kenya hutengenezwa katika gereza la Kamiti. Ya waziri, ya matatu, ya lori la mchanga, zote zimepitia mikononi mwa wafungwa. Sasa mchukue mmoja wa mafundi hao aliyemaliza kifungo na mwenye leseni ya udereva. Akitaka kuendesha matatu yenye namba aliyoitengeneza mwenyewe, ni lazima apate beji ya PSV, yaani ya magari ya abiria, na beji haitoki bila cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Atalipa shilingi 1,050, atapakwa wino vidole vyote kumi, kisha karatasi itarudi ikisema kwamba ana rekodi.

Mjadala wetu kuhusu ajira za waliotoka jela huanzia kwenye karatasi hiyo, na mara nyingi hukwama papo hapo: iondolewe au ibaki?

Wanaotaka iondolewe wana hoja. Hakimu alitoa kifungo chenye idadi ya miaka. Cheti kinaongeza kingine kisicho na tarehe ya kutoka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, dini, ulemavu, hata hali yake ya HIV. Aliyewahi kufungwa hayumo kwenye orodha hiyo. Mtu aliyeiba kuku akiwa na miaka 19 anaweza kukataliwa kazi akiwa na 40, na kifungu hicho hakitamtetea.

Lakini mwajiri naye tumsikilize. Mwenye kibanda cha M-Pesa anamwachia kijana pesa za watu kutwa nzima. Mama anayetoka alfajiri kwenda kazini anamwachia msichana mtoto wa miezi sita. Huwa naudhika kidogo nikisikia mahubiri ya kusamehe kutoka kwa mtu asiye na duka wala mtoto wa kuachia mtu. Na aliyefungwa kwa kumnajisi mtoto asikaribie darasa tena. Hapo hata sina la kupima.

Tena kuificha rekodi kuna madhara yasiyotarajiwa. Marekani, kuanzia Hawaii mwaka 1998, majimbo mengi yaliwazuia waajiri kuuliza habari za jinai kwenye fomu ya kwanza ya maombi. Watafiti wawili, Amanda Agan na Sonja Starr, walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 kwa waajiri wa New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya swali hilo kuondolewa. Awali, waombaji wenye majina ya kizungu walipigiwa simu kwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya watu weusi waliofanana nao kwa sifa. Swali lilipofutwa, pengo likafika asilimia 43. Mwajiri aliyenyimwa jibu alianza kukisia, na alikisia kwa rangi. Kwetu angekisia kwa nini? Kwa jina la ukoo, bila shaka, na kwa mtaa. Kijana wa Mathare au wa Kisauni ambaye hajawahi hata kulala seli angelipia makosa ya wenzake.

Kwa hiyo naona afadhali njia ya Uingereza, ambako tangu sheria ya 1974 makosa mengi huisha muda baada ya miaka kadhaa na mwenyewe halazimiki kuyataja, isipokuwa kwa kazi nyeti kama zile za watoto.

Ila ugomvi wote huu unahusu kazi chache. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wako kwenye jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, na huko sokoni Gikomba, Nairobi, hakuna anayekuuliza cheti cha polisi. Utaulizwa: una randa? Una msumeno? Hapo ndipo aliyetoka jela anapokwama. Wapo wanaotoka na cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, cha useremala au uchomeleaji walichofanyia mtihani gerezani, lakini hawana hata nyundo. Idara ya Probesheni huwapa baadhi yao vifaa, na mara vifaa vinapofika kijijini jirani anauliza swali ambalo sijapata jibu lake: mwanangu hajaiba hata sindano na hana kazi, mbona cherehani apewe mwizi?

Jirani ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana mimi ningeanzia gerezani, kabla ya lango kufunguliwa. Kwenye Maonyesho ya Kilimo pale Jamhuri Park, Nairobi, banda la Magereza lenye samani za wafungwa halikosi watu. Nilimwona mzee mmoja akipiga magoti kuchungulia chini ya meza, akaigonga miguu mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akauliza bei. Alikagua viungo tu. Nani aliitengeneza, hakuuliza.

Aliyeitengeneza, kwa miaka mingi, ujira wake wa siku umehesabiwa kwa senti. Serikali itasema kazi hiyo inafidia ugali na maharagwe yake, na ni kweli kwamba kumlisha mtu si bure. Lakini jozi ya namba mpya za magari ilitangazwa kwa shilingi 3,000. Tukitenga hata 50 kwa kila jozi, zikagawanywa karakana nzima na kuwekwa mpaka siku ya kutoka, fundi atanunua randa yake kwa jasho lake, na jirani hatakuwa na la kuuliza.