Nimemaliza kwa Modi Rahisi. Haya, Nikamateni

Wiki iliyopita nilifika kileleni kwenye Celeste, gemu ya kupanda mlima. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupia kwenye kundi letu la wacheza gemu, na kwa kuwa sina sababu ya kujificha nikaandika kabisa kwamba sura mbili za mwisho nimezicheza kwa Assist Mode, mpangilio wa kurahisisha gemu, kasi nikiwa nimeipunguza. Mkono wangu wa kulia unanisumbua tangu mwaka jana. Nikishika padi nusu saa tu, kidole gumba kinakufa ganzi. Hilo sikuliandika. Sikujua kucheza gemu siku hizi kunahitaji cheti cha daktari.

Jibu la kwanza liliingia kabla sijaweka simu chini: "Hujamaliza gemu, kaka. Umemaliziwa." Vicheko vikafuatana kama mvua.

Nakiri limetungwa vizuri. Ndiyo maana limeniuma.

Sasa tuulizane, maana nimelala nalo siku nne. Hii sheria ya "mchezaji halisi" imetoka wapi? Wanaoitetea kwa sauti kubwa ni wale wa "enzi zetu gemu zilikuwa gemu". Enzi zipi, ndugu zangu? Za Contra, gemu ya risasi, kwenye NES ya Nintendo, mwaka 1988? Mtu wa enzi hizo mwamshe usiku wa manane, atakuimbia bila kufumbua macho msimbo wa siri wa vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Maisha 30 hayo, badala ya matatu. Mashujaa wetu wote walipita mlango huo, leo wamesimama mlangoni wanakagua tiketi za wenzao.

Na utamu wa kisa uko kwenye asili ya msimbo wenyewe. Haukuanzia Contra. Ulianzia Gradius, mwaka 1986, Kazuhisa Hashimoto wa Konami alipokuwa akiihamishia gemu hiyo kwenye NES kutoka kwenye mashine za sarafu. Alitakiwa kuijaribu kabla haijatoka, na gemu ikamshinda. Imemshinda yeye anayeitengeneza! Akajiwekea njia ya panya ya kumpa silaha zote, kisha ikasahaulika humo humo mpaka gemu ikaingia sokoni. Huo ndio msimbo maarufu kuliko yote duniani: mtu mzima, mtaalamu, kazini kwake, anacheza kwa modi rahisi. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Anayetaka kumwambia kwamba hakumaliza, amechelewa.

Tena huu ugumu tunaoufukizia ubani haukushuka kutoka mbinguni. Mashine ya sarafu ilikuwa biashara. Ukifa haraka unatia sarafu nyingine, ukidumu sana mwenye mashine analala njaa. Kaseti za nyumbani nazo zilikuwa na hesabu zake. Chukua Contra: Hard Corps ya 1994. Toleo la Japani lilikupa mstari wa uhai, unapigwa mara tatu ndipo unakufa. Lililouzwa Marekani, ukiguswa mara moja umekwenda. Gemu ile ile, mabosi (maadui wakubwa) wale wale. Sasa niambieni, lipi ndilo "kusudi halisi la msanii" ambalo mimi na kidole changu chenye ganzi tunalidhalilisha? Watengenezaji wa The Lion King, ya mwaka huo huo, wamesimulia kwamba hatua ya pili ilikazwa kwa makusudi ili mtu aliyekodi kaseti asiimalize ndani ya siku za kukodi. Kuna watu wamekua wakiamini hatua ile iliwafundisha uvumilivu. Ilikuwa inawafundisha kununua.

Halafu wapo mashabiki wa Souls, zile gemu zinazosifika kwa ugumu za studio ya FromSoftware. Hawa nawapenda, mimi mmoja wao, nimemaliza Dark Souls mara mbili nikiwa na mikono yangu yote miwili mizima, kwa hiyo naongea kutoka ndani ya nyumba. Sijaona watu wanaodharau msaada kama sisi. Ukimwita mgeni akusaidie kupiga bosi, hukupiga. Ukitumia uchawi, hukupiga. Ukivaa ngao kubwa, hukupiga. Na ukiomba ushauri unaambiwa neno moja tu, kajifue.

Basi Hidetaka Miyazaki, baba wa gemu hizi, aliwahi kueleza wazo la kuita wageni kwenye Demon's Souls alilitoa wapi. Gari lake lilikwama kwenye mteremko siku ya theluji. Magari mengine nayo yamekwama, yanateleza, mpaka gari la nyuma likaanza kulisukuma la mbele, na la nyuma yake likasukuma hilo, wakapanda kilima chote kwa kusukumana. Hawakujuana, hawakupeana hata asante, kila mtu akaenda zake. Ndicho alichotaka kukitia ndani ya gemu. Sasa wewe umesimama juu ya kilima kile kile, unamzomea aliyesukumwa.

Haya, nitoe kidogo. Sekiro ya 2019, ya studio hiyo hiyo, haina modi rahisi na sidai iwekewe. Studio ikisema hiki ndicho chakula chetu na chumvi yake ndiyo hii, ni haki yao, na mimi nina haki ya kupita. Mashindano pia ni kitu kingine, huko sheria ni sheria. Lakini angalieni hata wakimbizaji, wanaomaliza gemu kwa kupambana na saa. Wanapita ndani ya kuta, wanaruka robo tatu ya hadithi, The Legend of Zelda: Ocarina of Time inamalizwa kwa dakika chache kwa kuikoroga kumbukumbu ya mashine, na ukumbi mzima unasimama kupiga makofi. Hakuna anayewaambia hawajamaliza. Kwa nini? Kwa sababu wao ni wakali. Basi tusidanganyane kwamba tunalinda gemu. Tunalinda cheo.

Hata watengenezaji wenyewe wamewahi kuingia kwenye ujinga huu. Wolfenstein 3D ya 1992, ukichagua kiwango cha chini kabisa, inamwonyesha askari wako amevalishwa kofia ya mtoto mchanga na nyonyo mdomoni. Metal Gear Solid V, ukifa sana, inakupa kofia ya kuku. Ile ya kuku nilicheka, sikatai. Nilicheka kwa sababu niliivua nilipotaka.

Kinachonishangaza ni jinsi jambo hili lilivyo jepesi. Celeste iliyotoka 2018 ni ngumu kama jiwe, na waliotaka ugumu wamebaki nao wote, hata punje haijapungua. Assist Mode imekaa pembeni kwenye menyu kimya kimya: punguza kasi, ongeza miruko, usichoke, usife. Haimgusi jirani. The Last of Us Part II ya 2020 ilikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, na watu wasioona wameimaliza kwa kusikiliza. Wasioona! Fikiria umkute mtu amemaliza gemu ya risasi gizani, kwa masikio, wewe umwambie amebebwa.

Gemu hiyo hiyo, kwa taarifa yenu, ndiyo ambayo mashabiki walianza kuipa sifuri siku ile ile iliyotoka, kabla hata ya muda wa kutosha kuimaliza, na wiki chache baadaye Metacritic, tovuti ya kukusanya alama za gemu, ikaweka sheria ya kusubiri saa 36 ndipo upige alama. Laura Bailey, aliyetoa sauti ya Abby, akatumiwa vitisho vya kuuawa kwa makosa ya mtu asiyekuwepo duniani. Hili nalipita haraka kwa sababu nikikaa hapa nitatukana.

Na msinielewe vibaya, sijauchoka ushabiki. Counter-Strike ilizaliwa na mashabiki waliokuwa wakiifumua Half-Life. Sonic Mania ya 2017 ilitengenezwa na watu waliotoka kwenye ushabiki wa Sonic, na ni tamu kuliko nyingi zilizotoka kwa wenye mali. Watu hawa waliipenda gemu mpaka wakafungua mlango wa ziada. Ndiyo maana wale wa kufunga milango wananiudhi maradufu.

Yule jamaa wa "umemaliziwa" tumejibizana faragha baadaye. Si mtu mbaya. Aliniuliza kwa upole kama kweli nilihisi furaha kufika kileleni, ikizingatiwa nilipunguza kasi. Nikamtumia picha ya pili, ya idadi ya vifo vyangu kwenye sura hizo mbili, maana Celeste inavihesabu vyote, na mapema kabisa inakutumia kadi ya kukuambia ujivunie hesabu hiyo kwa sababu kila kifo ni somo. Vifo 2,316.

Akakaa kimya kidogo, akaandika: "Hivyo vyote kwa modi rahisi?"

Vyote. Na sasa niko sura ya tisa, ya nyongeza baada ya kilele, kasi asilimia 70, napumzisha mkono kila baada ya dakika ishirini. Chumba kimoja kimeniua tangu Jumamosi.