Gugu karoti bustanini: ung'oe au upige dawa?

Huku Arusha mvua ikinyesha wiki mbili tu unaliona, majani kama ya karoti yamelala chini katikati ya ukoka, na usipolishughulikia mwezi hauishi lishatoa vimaua vyeupe. Ndo gugu karoti hilo. Asili yake ni huko Mexico na Amerika ya kitropiki, hapa kwetu liliripotiwa 2010, na mche mmoja tu uliokomaa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya elfu kumi. Kuna watu likiwagusa ngozi inawaka, wengine kifua kinabana, na ng'ombe akilila maziwa yanakua machungu.

Sasa watu wamegawanyika, wengine dawa wengine kung'oa kwa mkono.

Wa dawa wana hoja kwa kweli. Kama una ukoka mtupu, 2,4-D (dawa ya kuua magugu) inaua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, mtu mmoja na pampu anamaliza asubuhi moja. Ila lipige likiwa bado dogo, likishasimama na kutoa maua dawa inalisumbua tu halafu linachipua tena. Shida inakuja kwenye bustani yenye maua ya asili, yale tunayoyaacha kwa ajili ya nyuki na vipepeo, maana nayo mengi ni majani mapana kwa hiyo yanakufa pamoja. Glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, ndo mbaya zaidi maana inaondoka na nyasi pia, unabaki na udongo mtupu, na udongo mtupu ndo gugu karoti linaupenda kuliko kitu chochote, mbegu zilizolala chini zinaamka zote kwa mpigo. Mimi hilo nimeliona kwangu, nilipiga dawa kipande cha karibu na geti, mvua iliyofuata likarudi limeshonana kuliko mwanzo na maua yangu ndo yameshaenda.

Kung'oa nako sio rahisi kama wanavyosema. Inabidi uvae glavu na mikono mirefu, ung'oe na mzizi wake kabla halijatoa ua, udongo ukiwa na unyevu, na urudi tena na tena maana mbegu zinakaa ardhini miaka. Eka nzima hapo mtu mmoja haiwezi. Na ukitikisa udongo sana unaamsha mbegu zingine vilevile, kwa hiyo kila shimo ulilong'oa pandikiza ukoka au mbegu za maua siku hiyohiyo. Kufyeka ndo usijaribu kabisa, linachipua kutoka chini na kutoa maua likiwa fupi, na kama lilishakomaa umelisaidia kusambaza.

Kwa hiyo kwangu dawa ni ya ukoka mtupu uliovamiwa sana, kwenye maua ni mkono tu hata kama mgongo unauma. Na kabla ya yote hayo kagua lile lori la udongo au samadi unalomwagiwa getini, mara nyingi linaingilia hapo.