Programu za kukagua tafiti zishauri, zisifunge mlango

Korona ilipoingia, madaktari walitegemea sana makala tangulizi, yaani zile zinazowekwa mtandaoni kabla ya wataalamu wengine kuzipitia. Zilimiminika kupita uwezo wa watu kuzisoma. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali likaunganisha programu zao, likawa linakagua makala za korona za medRxiv na bioRxiv, tovuti zinazohifadhi makala tangulizi, na kutoa ripoti hadharani. Programu ya ODDPub hutafuta kama data, na maagizo ya kompyuta yaliyotumika kuzichambua, vimewekwa wazi. SciScore huangalia kama idhini ya maadili, ukokotoaji wa ukubwa wa sampuli na upangaji wa makundi kwa bahati nasibu vimetajwa. Nyingine husaka sentensi zinazokiri mapungufu ya utafiti, na ni takriban theluthi moja tu ya makala zilizokuwa nazo.

Kwa sehemu kubwa naziunga mkono programu hizi. Chukua JetFighter, inayosaka ramani zenye rangi za upinde wa mvua. Ramani za joto la bahari hupakwa rangi hizo mara nyingi. Jicho huona mpaka mkali pale njano inapoingia, kumbe joto limepanda kidogo kidogo tu. Na asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani huisoma vibaya kabisa. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hapa Zanzibar, ambao mwani wao huoza maji yakipata joto, wakishauriwa kwa ramani ya namna hiyo wapi pa kuhamishia kamba wanazofungia mwani, hasara ni yao. Hapa programu inamsaidia mtu ambaye hatawahi kuisoma makala.

Lakini programu husoma kilichoandikwa, haijui kilichofanyika. Mwandishi akishajua sentensi zinazotafutwa, ataziweka. Mfano mmoja unaonyesha nani hasa hulinda watu. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika kisiwani Pemba, wakati huo malaria ikiwa imeenea, ambamo watoto wadogo zaidi ya 24,000 walishirikishwa ili kupima faida ya madini ya chuma na foliki asidi. Utoaji wa madini hayo ulisimamishwa mwaka 2003, baada ya kamati ya kufuatilia usalama kuona kwamba waliopewa walikuwa wakilazwa na kufa zaidi. Walionusuru watoto ni watu waliokuwa wakizitazama takwimu, miaka kadhaa kabla ya kuwepo makala ya kukaguliwa. Hata hivyo, ni kwa sababu mambo yale yaliandikwa kwa uwazi ndiyo ushauri wa dunia kuhusu madini ya chuma penye malaria ukabadilika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni data. ODDPub haikuumbwa kuuliza kwa nini data zimefungwa. Katika shehia ndogo, yaani eneo la ngazi ya chini la utawala hapa Zanzibar, andika umri, jinsia na ugonjwa wa mtu, jirani atamtambua papo hapo. Mtafiti wa Chake Chake, Pemba, anayezizuia data kwa sababu hiyo ataonekana sawa na anayeficha makosa. Wafadhili wakianza kuzitumia ripoti hizi kama alama, atakayeumia ni yule anayelinda watu wake.

Kwa hiyo ripoti imfikie mwandishi kwanza, apewe muda wa kujibu, na jibu lake lichapishwe pamoja nayo. Na data za shehia ziamuliwe na kamati ya maadili ya utafiti ya hapa Zanzibar, ambayo inawajua watu waliomo.